Fanicha za Wazee: Venye Utajaza Keja Yako ya Uingereza Bila Kuingia Madeni

Umepata funguo. Miaka sita ya zamu za usiku, zamu za Jumapili, zamu za Krismasi wengine wakila nyama, na hatimaye benki imekubali. Sasa umesimama ndani ya nyumba yako mwenyewe huko Leicester ama Luton, na sauti yako inakurudia kutoka kwa kuta. Hakuna kiti. Hakuna meza. Kuna godoro chini, sahani mbili, na ile sufuria ya ugali uliyobeba kutoka JKIA ikiwa imefungwa na leso. Mathe naye ameshatangazia kanisa nzima kwamba umenunua nyumba majuu, kwa hivyo simu ya video ya Jumapili inakuja na lazima kitu kionekane nyuma yako.

Hapa ndipo wasee wengi huingizwa boksi. Simu inakuletea tangazo: sofa, meza, kabati, kitanda, zote mpya, lipa mos mos kwa miezi 36. Unabonyeza. Wiki mbili baadaye maboksi yanafika, unakaa sakafuni usiku mzima na kale ka-spana kadogo, na kufikia Krismasi ya pili mlango wa kabati umeinama kama mlevi wa Ijumaa. Deni nalo limesimama wima.

Cuzo wangu, nesi, alipitia hii kitu. Ni mmoja wa wale waliopanda ndege baada ya Kenya na Uingereza kuweka sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka wa 2021. Akiwa bado kwa nyumba ya kupanga alinunua kabati la nguo kwa duka moja la mtandaoni. Siku ya kuhama, yeye na jirani wakaliinua, likapasuka katikati ya ngazi. Ndani ilikuwa vumbi la mbao lililobanwa kwa gundi, juu karatasi yenye picha ya mbao. Alikuwa amebakisha malipo ya miezi kumi na moja. Takataka ikachukuliwa na gari la kaunti, yeye akaendelea kulipa kila tarehe ishirini na tano.

Sasa kuja nikuchanue. Uingereza ya leo, kabati la mbao ya ukweli, lililotengenezwa na fundi aliyejua kazi miaka themanini ama mia iliyopita, mara nyingi ni bei ya chini kuliko lile la vumbi na gundi. Si siri, ni vile tu sisi tukifika huko huwa tunadhani kitu mpya ndiyo heshima na kitu mzee ni cha maskini. Nimeishi huko, nimelala chini miezi mitatu, na nyumba yangu yote ilikuja kujaa vitu vya marehemu. Usicheke.

Kwa nini wanazitupa

Ukiwa umekulia Kenya hii sehemu ni ngumu kuamini. Kwetu kiti cha guka hakiuzwi. Guka akienda, kiti kinabaki pale pale sebuleni na hakuna mtoto anathubutu kukikalia mpaka miaka ipite. Huko, shosho wa miaka tisini akifariki, mtoto mmoja yuko Bristol, mwingine Australia, nyumba inafaa kuuzwa haraka na kila mmoja wao keja yake imeshajaa. Wanaita kampuni ya kuondoa vitu. Wanaume watatu na lori wanafika asubuhi, na kufikia saa kumi jioni maisha ya miaka sitini yameisha: meza ya chakula, kabati la vyombo, kitanda walichonunua wakioana. Vizuri vinapelekwa mnadani, vya kawaida vinaenda duka la hisani, vilivyobaki vinaenda jaa. Mara ya kwanza nilipoona hiyo lori nilisimama barabarani nikihisi kama nimeingia matanga ya watu bila kualikwa.

Ongeza fasheni. Kuna aina ya fanicha ambayo Waingereza wenyewe huita fanicha ya kahawia: mbao nzito, nyeusi-nyekundu, droo nyingi, miguu ya kuchongwa. Zamani hizo ndizo zilikuwa alama ya familia iliyojipanga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei yake imeanguka vibaya sana. Vijana wao wanaishi nyumba ndogo, wanahama kila mwaka, na wanataka kitu cheupe chepesi. IKEA ilifungua duka lake la kwanza Uingereza mwaka wa 1987, pale Warrington, na kizazi kizima kimekua kikijua kwamba meza ni kitu unaunganisha mwenyewe na kutupa ukihama. Kwa hivyo fanicha za kahawia zinaendelea kutoka kwa nyumba za wazee kila wiki, na wanaozitaka ni wachache. Hiyo ndiyo nafasi yako. Wewe umenunua nyumba, hauhami. Na kusema ukweli, sisi watu wa kabati la vyombo lenye vioo hatujawahi kuogopa fanicha nzito.

Majina utakayosikia

Wauzaji wana lugha yao. Kitu cha miaka mia na zaidi ndicho huitwa antiki. Kitu cha miaka arobaini, hamsini, sitini ni vinteji, na hilo neno halina mpaka, kila muuzaji analivuta vile anataka. Ukisikia Viktoria wanamaanisha wakati wa malkia aliyekufa 1901. Edwadi ni mwanawe, hadi 1910. Ukiona neno «mtindo» mbele ya jina, yaani «mtindo wa Viktoria», chanuka: hiyo ni kopi, inaweza kuwa ya juzi.

Halafu kuna fanicha za vita, na hizi ndizo nazipenda kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao ziliisha na mabomu yalikuwa yanaangusha nyumba za watu. Serikali ikaamua viwanda vitengeneze miundo michache tu, rahisi, imara, bila urembo, na wanaoruhusiwa kununua ni waliooana karibuni na waliobomolewa nyumba. Mpango ulianza 1942 ukaisha 1952. Utazijua kwa muhuri mdogo nyuma au ndani ya droo: herufi mbili za C zilizojaa kama mikate iliyong'atwa, na namba 41. Watu wengi huzipita kwa sababu ni sahili. Cuzo alipata kabati lake la pili hapo, mwaloni mtupu, na liliteremka ngazi zile zile likiwa zima.

Ercol na G Plan ni stori tofauti. Ercol ilianzishwa 1920 huko High Wycombe, mji uliojulikana kwa viti, na Lucian Ercolani, mtoto aliyeletwa kutoka Italia na wazazi wake, yaani mhamiaji kama wewe. Mwaka wa 1944 serikali ilimpa oda ya viti 100,000 vya jikoni vya bei ya chini, na mbinu aliyotumia kuvikunja kwa mvuke ndiyo iliyomfanyia jina. G Plan ilitoka mji huo huo mwaka wa 1953. Ni vitu vizuri, vyepesi, miguu imetanuka kama ndama aliyezaliwa jana. Shida ni kwamba vimerudi kwa fasheni. Kila msee mwenye ndevu huko London anavitaka, na bei imepanda. Ukipata G Plan kwa bei ya kabati la kahawia, lipa kabla mwenye duka ajisahihishe. Lakini ukienda kutafuta hiyo pekee, utalipia picha za Instagram, si mbao.

(Nairobi mbao ni shilingi ishirini. Huko kuna siku unahisi wanakuuzia kwa bei hiyo hiyo.)

Mtumba ni mtumba

Kama umewahi kuchagua nguo Gikomba saa kumi na moja alfajiri, hii kazi unaijua. Unajua kamera na unajua fagia. Hauangalii nguo ikiwa imening'inia, unaigeuza ndani nje, unavuta mshono, unanusa. Fanicha ni vivyo hivyo.

Anza na droo. Itoe nje yote, usione haya, muuzaji wa ukweli hatakasirika. Cheki kona pale ubao wa mbele unakutana na wa pembeni. Fundi wa zamani alikata meno yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili, hakuna msumari. Meno yakiwa hayalingani, moja nene, lingine jembamba, huyo alikuwa mtu na msumeno wake. Yakiwa sawa kabisa kila moja, ni mashine, ambayo ilienea mwishoni mwa karne ya 19, na bado hicho ni kitu kizuri cha kubaki nacho maisha. Ukiona pini za stepla na gundi, rudisha droo polepole na uhepe.

Kisha geuza kitu chenyewe, ama uinname na tochi ya simu. Mbele ni matangazo. Nyuma na chini ndiko ukweli umelala. Mbao za nyuma zikiwa mbaya mbaya, hazijapigwa randa vizuri, usiogope. Hakuna fundi wa 1880 alipoteza jioni akilainisha mahali hakuna mtu ataona. Cha kuogopa ni kinyume: kitu kinachosemwa ni cha 1850 lakini nyuma ni laini na rangi ni ile ile kila mahali. Mbao huzeeka bila usawa. Pale mikono ilishika kuna giza, pale jua lilipiga kuna weupe.

Angalia skurubu. Zile za zamani zina mfereji mmoja kichwani, na za zamani sana mfereji haukai hata katikati. Skurubu yenye msalaba ilianza kutumika miaka ya 1930. Ukiikuta kwa meza inayosemwa ni ya Viktoria, kuna mtu ameirekebisha baadaye ama unapigwa. Uliza tu, «Hii ilirekebishwa lini?» kisha unyamaze. Kunyamaza kunapunguza bei kuliko maneno.

Kwa meza ya duara kuna ujanja mmoja mtamu. Pima kwa tepu kufuata nyuzi za mbao, halafu pima kukatisha nyuzi. Mbao inapokauka miaka mingi hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hivyo meza ya mbao nzima iliyo ya zamani kweli huwa si duara kamili tena. Vipimo vikiwa sawa kabisa hadi milimita ya mwisho, hiyo meza bado ni mtoto.

Fungua droo ucheki ndani pale vishikio vimefungwa. Mashimo mengine yaliyozibwa yanaonyesha vishikio vilibadilishwa. Si dhambi, lakini bei inafaa kushuka. Gonga pia juu ya mbao. Vitu vingi vya zamani vina ngozi nyembamba ya mbao ya bei juu ya mbao ya kawaida, na wasee wakisikia hivyo wanadhani ni feki. Si feki. Mafundi wakubwa wamefanya hivyo kwa karne. Kona iliyoinuka kidogo inarudi kwa gundi na kamba. Ikiwa kipande cha ukubwa wa mkono kimepotea, mwachie mwingine.

Sasa, mdudu. Ukiona vitundu vidogo vya duara, kama milimita moja au mbili, hiyo ni njia ambayo mdudu wa mbao alitokea. Vitundu vya zamani, vyeusi ndani, mara nyingi mdudu alishaondoka kabla baba yako hajazaliwa. Tatizo ni vitundu vyenye kingo safi na unga mweupe unaomwagika ukigonga. Huyo yuko nyumbani. Mtoto wake hukaa ndani ya mbao miaka mitatu, hata mitano, akila, kabla ya kutoka wakati wa joto, na akitoka kwa kabati anaweza kuingia sakafu ya nyumba yako, ile ambayo benki ndiyo mwenyewe. Kuna dawa ya kupaka na inafanya kazi, lakini nunua tu ikiwa uko tayari kuweka kitu hicho nje ya nyumba kwanza.

Mwisho wa ukaguzi: fungua mlango wa kabati, ingiza kichwa, vuta pumzi. Harufu ya vumbi na mafuta ya mbao huisha. Uvundo wa ukungu unachukua muda mrefu. Sigara za miaka arobaini haziishi, nguo zako zitanuka kama baa ya River Road.

Pima mlango kabla ya kupima mfuko

Hili ndilo kosa langu mwenyewe. Nilinunua kabati la nguo la milango mitatu, zuri ajabu, nikalipia lori, likafika mlangoni likakataa kuingia. Nyumba nyingi za safu zilizojengwa wakati wa Viktoria zina ngazi nyembamba zenye kona kali, na milango ya ndani mingi ni kama sentimita 76. Majirani walipita wakisema pole kwa adabu ile yao. Mvua ikaanza, si ni Uingereza. Ni mzee wa nyumba ya pili, fundi mstaafu, aliyekuja na bisibisi akaniuliza kwa nini silifungui. Makabati mengi makubwa ya zamani yalitengenezwa yafunguke: kofia ya juu inatoka, milango inatoka, mwili unagawanyika, kwa sababu hata wao walikuwa na hizo ngazi. Kwa hivyo uliza kama linafunguka, na ubebe vipimo vya mlango wako, kona ya ngazi na dirisha kwa simu yako kila siku.

Mahali pa kwenda

Duka la hisani ndilo rahisi. British Heart Foundation wana maduka makubwa ya fanicha na umeme miji mingi, na Emmaus pia huuza fanicha zilizotolewa na watu. Bei imeandikwa, unaweza kuuliza kuhusu kupelekewa nyumbani. Enda katikati ya wiki, wikendi kila mtu yuko huko. Nenda mara nyingi pia, kwa sababu vitu vinabadilika kila siku na hakuna wa kukuwekea.

Kwa simu, Facebook Marketplace na Gumtree, utapata vitu vya bure kabisa, watu wanataka tu viondoke kabla ya Jumamosi. Tafuta kwa maneno ya mtu asiyejua anachouza. Aliyeandika «kabati la nyanya yangu, zito» anauza rahisi kuliko aliyeandika Ercol kwa herufi kubwa. Usitume pesa kabla ya kuona kitu. Ile mbinu ya «tuma kiasi nikushikilie» unaijua kutoka nyumba za kupanga za Nairobi, na matapeli wa huko hawana tofauti na wa huku isipokuwa lafudhi.

Kuna maonyesho ya wauzaji pia. Newark, katikati ya Uingereza, ni moja ya makubwa kabisa Ulaya, na Kempton Park karibu na London hufanyika Jumanne alfajiri, wauzaji wenyewe wakinunua kwa tochi. Portobello Road ya Jumamosi ni ya kupiga picha, bei ni ya watalii. Wewe si mtalii, una deni la nyumba.

Mnada ndiyo kamera yenyewe, na ndiyo pia mahali utaumia usipojua hesabu. Kila mji wa maana una nyumba ya mnada inayouza vitu vya kawaida, na siku ya kuangalia huwa wazi kwa kila mtu, hauulizwi wewe ni nani. Enda siku hiyo, fanya ukaguzi wako wote, andika bei yako ya mwisho kwa karatasi. Bei inayotangazwa nyundo ikigonga si unayolipa. Wenye mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, na kodi ya asilimia 20 juu ya hiyo ada. Kwa hivyo kabati la pauni 40, ada ikiwa asilimia 25, ni pauni 10 zaidi na kodi ya pauni 2. Jumla 52. Ukinunua kupitia tovuti badala ya kuwa pale, tovuti nayo huweza kukata yake. Halafu kuna siku za kuchukua mzigo, ukizidisha unalipia stoo. Piga hesabu ya lori kabla ya kuinua mkono. Nimeona msee akishinda meza kwa pauni tano na kulipa tisini kuibeba.

Sheria mbili usizichezee

Sofa na viti vya sponji vina sheria yao ya moto, ya mwaka wa 1988. Ilitokana na vifo, vikiwemo vya duka la Woolworths mjini Manchester mwaka wa 1979, ambapo watu kumi walikufa baada ya fanicha za sponji kushika moto na kutoa moshi wa sumu. Ndiyo maana kwa kawaida duka halikubali kukuuzia sofa ya mtumba isiyo na lebo ya kudumu ya moto. Zilizotengenezwa kabla ya 1950 hazimo kwenye sheria hiyo, maana zilijazwa nywele za farasi na pamba, si sponji. Kati ya hapo kuna sofa za miaka ya 60 na 70, sura safi, bei safi, ndani sponji ya zamani. Anayekupa bure kwa Facebook hatakuuliza lebo. Jiulize mwenyewe, hasa kama kuna mtoto ndani ya nyumba. Ikiwa mbao zake ni nzuri, chukua mbao, peleka kwa fundi wa viti aweke sponji inayokubalika.

Rangi pia: kitu kilichopakwa rangi miaka ya 60 kurudi nyuma kinaweza kuwa na madini ya risasi. Usikipige msasa mkavu jikoni huku mtoto akitambaa.

La pili ni pembe za ndovu, na hapa Mkenya asijifanye hajui. Karne ya 19 pembe zilipita Zanzibar na Mombasa zikaenda London na kwingine, zikawa funguo za piano, vipini vya visu, na vile vipande vidogo vyeupe vinavyozunguka tundu la ufunguo kwa droo za Viktoria. Utavikuta. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 2018, iliyoanza kazi Juni 2022, imekataza biashara ya pembe isipokuwa vitu vichache, kama vile vya kabla ya 1947 vyenye chini ya asilimia 10 ya pembe, na hata hivyo lazima visajiliwe kabla ya kuuzwa. Muulize muuzaji usajili. Na hata uwe nao, usithubutu kufikiria kukituma nyumbani kama zawadi. Hii ni nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwaka wa 2016, mbele ya kamera za dunia. Hautaki kuelezea JKIA kwamba ilikuwa ni kisanduku tu cha chai.

Kuhusu kutuma fanicha nyingine nyumbani, jibu langu ni fupi: usinunue ukiwa na hiyo plani. Ukirudi kuishi kabisa, sheria ya forodha ina nafasi ya vitu vya nyumba ulivyokuwa ukitumia, na KRA watakuambia masharti. Lakini kununua meza Newark ili ipande meli mpaka ocha, wakati fundi wa Ngong Road anaweza kukuchongea, hiyo ni kuchoma ganji.

Ukishaingiza

Weka mbali na kile chuma cha joto kinachofungwa ukutani. Fanicha hizi zilizaliwa kwenye nyumba baridi, na joto kali la karibu linakausha mbao hadi inapasuka kwa mlio utakaodhani ni mwizi. Usikimbilie kukwangua rangi yote ya zamani ili ing'ae. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, paka nta nyembamba, ngoja, sugua. Alama za vikombe na mikwaruzo ya mtoto wa 1935 ziache.

Angalia pia chini ya karatasi inayotandikwa ndani ya droo. Mimi nilipata gazeti la 1953 na risiti ya maziwa. Cuzo alipata kitufe cha koti na picha ndogo ya bibi harusi asiyejulikana, ameirudisha pale pale chini ya karatasi.

Na droo ikikwama, usivute kwa hasira utang'oa uso wake. Itoe, igeuze, sugua mshumaa mkavu kwenye kingo zinazoteleza, mara tano au sita kila upande, kisha irudishe.